Kutafuta Kazi kwa Kupitia Watu: Mwongozo Kamili kwa Aliyechoka Kutuma CV Zisizojibiwa

"Shikamoo. Naomba unisaidie koneksheni, nipo tayari kwa kazi yoyote." Ujumbe wa namna hii, ukiwa na CV ya kurasa nne chini yake, ndio unaotumwa na wengi wanaoniandikia kulalamika kwamba siku hizi watu hawasaidiani. Anayeupokea huusoma, humwonea mtumaji huruma, kisha huuacha hapo hapo. Hana kazi ya kumpa na hajui amfanyie nini.

Mfano nitakaoufuata ni wa mhitimu wa ununuzi na ugavi anayetafuta kazi ya stoo au ofisi ya manunuzi Dar es Salaam. Kama wewe ni muuguzi wa Mwanza au fundi umeme wa Arusha, badilisha jina la kazi na mahali. Hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usimwandikie mtu yeyote kabla hujakamilisha orodha hii. Nafasi nyingi hupotea kati ya simu ya "nitumie vyeti vyako sasa hivi" na siku mbili za kuhangaika steshenari.

- Namba ya NIDA. Kadi yenyewe inaweza kuchelewa, ila namba uwe nayo. Bila hiyo hutaweza kujisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni.
- Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo, kila kimoja kiwe PDF yake, kiskaniwe kwa mashine. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole inamwambia mwajiri jinsi utakavyotunza nyaraka zake.
- Majina yanayolingana. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na NIDA ina matatu, au herufi zimepishana, nenda kwa wakili uulize kama kiapo kinatosha au unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Lifanye mapema. Ukiitwa kwenye usaili muda wa kulishughulikia haupo.
- CV ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa ajili ya kazi moja.
- Wadhamini watatu waliokubali. Wapigie, waambie unatafuta kazi gani, waombe ruhusa. Mdhamini anayeshtuka akipigiwa simu na kuuliza "nani huyo?" ni heri usingemwandika.
- Namba moja ya simu usiyoibadilisha, na barua pepe yenye jina lako. Ile ya utani uliyofungua ukiwa sekondari iache kwa marafiki.
- Daftari, la karatasi. Utaona kazi yake.

Waliosoma nje ya nchi wana jambo la ziada: vyeti vya chuo kikuu vinatambuliwa na TCU (tume ya vyuo vikuu), vya sekondari na NECTA (baraza la mitihani), vya ufundi na vyuo vya kati na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi). Anza hilo leo.

## Hatua ya 1: Ipe jina kazi unayoitafuta

Anayetangaza nafasi anahitaji karani wa stoo, dereva, mhasibu. Hakuna anayetangaza nafasi ya "yoyote". Anayekufahamu akisikia "kazi yoyote" hana pa kukuweka kichwani, kwa hiyo nafasi ikitokea mbele yake hakukumbuki.

Andika sentensi moja yenye kazi, mahali, na kitu kimoja ulichokwisha kukifanya:

*Natafuta kazi ya karani wa stoo au msaidizi wa manunuzi kwenye kiwanda au ghala, Dar es Salaam au Pwani. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na field nilifanya kwenye ghala la dawa, nikipokea mizigo na kujaza kadi za stoo.*

Wengine wanaogopa kwamba wakitaja kazi moja watajifungia milango. Mambo huwa kinyume. Mtu akijua unatafuta stoo, akasikia wanatafuta mtu wa kupakia oda, atakuuliza kama utaiweza.

Utajuaje umefaulu: mama mwenye genge mtaani kwenu aisikie mara moja, na kesho yake aweze kumrudia mteja wake bila kukosea.

## Hatua ya 2: Andika orodha ya watu wa mbali kidogo

Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Wanaanza na mjomba, rafiki wa damu na jirani, hao wakishindwa wanasema hawana koneksheni.

Tatizo la watu wa karibu ni kwamba wanajua yale unayoyajua wewe. Mko kwenye magrupu yaleyale ya WhatsApp na mnatumiana matangazo yaleyale. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alilionyesha hili mwaka 1973 kwa wafanyakazi wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia watu. Kati yao, chini ya asilimia 17 walisema mtu aliyewapa habari ya kazi walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara mojamoja au kwa nadra, kama mliyewahi kufanya kazi pamoja, mliyesoma naye, au mliyekutana njiani mkakumbukana.

Kwa hiyo fungua daftari, lenga majina 40, na utafute huku:

- Waliokusimamia field, na hasa waliokuwa chini ya msimamizi: mtunza stoo, dereva wa lori, kijana wa forklift. Hawa ndio wanaojua nani ameacha kazi wiki hii.
- Mliosoma darasa moja wakatangulia kuajiriwa. Pitia grupu la darasa jina kwa jina.
- Walimu wa chuo, hasa wale wanaokwenda kukagua wanafunzi field. Wanaingia ofisi nyingi.
- Watu wa kanisani, msikitini, kwenye kikoba, kwenye timu ya mpira ya jioni.
- Wanaozihudumia kampuni unazozitaka: wakala wa forodha wa Kurasini, anayeuza vifungashio, anayepeleka chakula cha mchana kwenye viwanda vya Chang'ombe.

Mama lishe wa kiwandani usimdharau. Anajua idadi ya sahani zilizoongezeka kabla ofisi ya rasilimali watu haijatoa tangazo.

Mbele ya kila jina andika tulikutana wapi, anafanya nini sasa, na kitu kimoja anachoweza kukijua ambacho wewe hukijui. Safu hiyo ya tatu ikikushinda, jina hilo libaki mwisho.

## Hatua ya 3: Andika ujumbe unaojibika

Ombi la kazi linampa mtu mzigo asioweza kuubeba. Swali dogo lililo ndani ya uwezo wake analijibu hata akiwa kwenye daladala. Tazama ujumbe huu kwa aliyekuwa msimamizi wako:

*Shikamoo mzee. Mimi ni yule kijana wa field wa mwaka 2023 pale ghalani, wewe ndiye uliyenifundisha kupokea mzigo wa kontena. Nimeshamaliza chuo, natafuta kazi ya karani wa stoo kwenye viwanda vya Chang'ombe au Vingunguti. Naomba kukuuliza jambo moja: siku hizi huko wanatumia programu gani kutunza stoo? Nataka nijifunze kabla sijaanza kupeleka barua. Nikikupigia Jumamosi asubuhi kwa dakika kumi nitakuwa nakusumbua?*

Umemkumbusha wewe ni nani kabla hajajiuliza. Umemtaja kwa kitu alichokufanyia, nacho ni cha kweli. Umesema unatafuta nini, ila hukumwomba akupe. Umemuuliza swali analolijua vizuri kuliko mtu mwingine, ukaomba muda mfupi wenye mwisho.

Kwa mliyesoma naye, lugha ishuke. "Mambo vipi kaka, hongera, nimesikia upo kwenye ile bandari kavu ya Kurasini. Wakati unaingia pale walikufanyia usaili wa kuandika au wa kuongea?" Hapo inatosha. Shikamoo kwa mtu wa rika lako atadhani unamtania, na "mambo" kwa mtu wa umri wa baba yako imekwisha kukuharibia.

Ya kuepuka:

Usitume "Mambo" peke yake ukasubiri ajibu ndipo useme shida yako. Mtu mwenye kazi anajua kinachofuata, na hataifungua.

Usianze na ujumbe wa sauti. Mwenzako yuko kwenye kikao, au spika ya simu yake ni mbovu. Usiambatishe CV kabla hajaiomba.

Usitume ujumbe mmoja kwa watu wote 40. Watu wa ofisi moja huonyeshana simu.

Chagua na wakati. Mtu wa stoo mwisho wa mwezi anahesabu mali na hana hata nafasi ya kula, mhasibu naye anafunga hesabu. Katikati ya mwezi, Jumanne hadi Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, ndiyo saa nzuri.

Majibu utakayopata. Kuna kimya: subiri siku 7, kumbusha mara moja kwa mstari mmoja, kisha mwache. Kuna "nitakuangalizia", ambayo kwa kawaida ni kwaheri ya heshima. Shukuru, halafu mrudishie lile swali dogo: "Asante sana. Wakati naendelea kutafuta, kuna programu gani unanishauri nijifunze?" Kuna "nitumie CV", nayo itume ndani ya dakika chache, PDF, jina la faili likiwa jina lako na kazi unayoomba. Na kuna anayekupigia yeye mwenyewe. Kwa huyo, soma hatua inayofuata kabla hujapokea.

Utajuaje umefaulu: kati ya watu 10 wa kwanza, wachache wamejibu kwa maneno yao wenyewe. Kama hakuna hata mmoja, usiendelee na wale 30 waliobaki. Swali lako ni kubwa mno au hujajitambulisha vizuri. Andika upya.

## Hatua ya 4: Tumia vizuri zile dakika kumi

Usijieleze sana. Aliyekubali kuongea nawe anataka kuonyesha anachokijua, mpe nafasi. Maswali yanayozaa ni haya:

1. Mtu mpya akiingia stoo kwenu, kitu gani humshinda mwezi wa kwanza?
2. Mnapotafuta mtu, mnaanzia wapi? Mnatangaza, mnauliza wafanyakazi, au mnapitia wakala wa ajira?
3. Kwenye CV yangu, ungefuta nini?
4. Ungekuwa mimi, ungeongea na nani mwingine? Naweza kumwambia kwamba wewe ndiye uliyenielekeza?

Swali la 4 ndilo lenye thamani kuliko mengine yote, na ndilo watu wanaloona aibu kuliuliza. Ukipewa jina, umepata salamu ya kuanzia: "Mzee fulani wa ghala fulani amenielekeza kwako." Sentensi hiyo inafungua mlango ambao bahasha ya kaki iliyoachwa kwa mlinzi getini haiufungui.

Swali la 1 nalo lina faida yake. Akikwambia vijana wengi hushindwa kulinganisha mzigo halisi na hati ya kupokelea, unajua cha kuandika kwenye CV na cha kusema kwenye usaili.

Jioni hiyohiyo andika daftarini ulichoambiwa, na mtumie mstari wa shukrani unaotaja jambo moja alilosema.

## Hatua ya 5: Nenda mahali wanapopatikana

Maonesho ya Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, huanza tarehe 28 Juni hadi 13 Julai kila mwaka. Wengi huenda kula na kununua vyombo. Wewe nenda asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya msongamano, ukiwa umechagua mabanda machache. Wanaosimama pale mara nyingi ni wafanyakazi wenyewe wa mauzo, usambazaji na uzalishaji, na saa tatu asubuhi hawana wateja wengi.

Usiingie bandani na CV mkononi. Uliza bidhaa kwanza: mnasambaza mikoa gani, ghala lenu liko wapi, mzigo mnaagiza au mnazalisha hapa? Mazungumzo yakikolea, sema umesomea ugavi na uulize jina la anayesimamia ghala. Ondoka na jina na namba, na siku ya pili andika ujumbe wa Hatua ya 3. Nanenane, wiki ya kwanza ya Agosti, ni hivyohivyo kwa wenye taaluma za kilimo, mifugo na mbegu.

Bodi za taaluma ni mahali pengine. Watu wa ugavi wana PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, wahasibu wana NBAA, wahandisi wana ERB. Semina zake zina gharama, na kwa aliye mtaani ni kweli zinauma. Ila usajili wenyewe usiuahirishe: matangazo mengi ya ugavi yanadai namba ya usajili, na asiye nayo anachujwa mwanzoni kabisa.

## Hatua ya 6: Wahi kabla ya tangazo

Likishafika kwenye magrupu, tangazo limeonwa na kila mtu. Dalili za kazi huonekana mapema zaidi.

Dalili ya kwanza ni zabuni. Serikali hununua kupitia mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na zabuni na mikataba iliyotolewa huonekana hadharani. Mkandarasi aliyeshinda kazi ya barabara au hospitali atahitaji mtunza stoo wa saiti, mtunza muda (yule anayeandika saa za vibarua) na mtu wa manunuzi.

Dalili ya pili iko barabarani. Kila mradi mkubwa una bango: jina la mradi, mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, muda wa mradi. Lipige picha. Kama ndiyo kwanza wanaweka uzio na kontena la ofisi, umewahi. Fika asubuhi, msalimie mlinzi vizuri, muulize fomeni anafika saa ngapi. Hapa bahasha yenye CV ina maana, kwa sababu kuna wa kuipokea.

Dalili ya tatu ni watu. Ukisikia mtu amehamishwa, ameenda kusoma au yuko likizo ya uzazi, kuna kiti kinahitaji wa kukikalia hata kwa miezi mitatu. Kazi ya muda ikubali. Mwenye kazi ya muda yuko ndani, na anasikia mengine.

## Hatua ya 7: Fuata njia rasmi bila kuruka kitu

Kwa kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, mtu unayemfahamu hawezi kukuingiza, na anayedai anaweza anakudanganya. Anachoweza ni kukueleza usaili wao ukoje. Yaliyobaki ni kusoma tangazo hadi mstari wa mwisho.

Wanaoachwa mara nyingi huachwa kwa mambo madogo. Barua haijasainiwa. Kimeambatishwa cheti cha matokeo ya muda badala ya cheti halisi. Wadhamini ni wawili, tangazo linataka watatu. Mwombaji amevuka umri wa miaka 45 uliotajwa. Maombi yametumwa saa za mwisho mfumo ukiwa umelemewa.

Ukifaulu usaili nafasi zikajaa, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na ukapangiwa baadaye. Ndiyo maana nilisema namba ya simu usiibadilishe.

Kwenye kampuni binafsi, barua yako imtaje aliyekuelekeza kwenye aya ya kwanza, kwa ruhusa yake. Kisha mjulishe: "Nimetuma leo, mzee. Asante." Akikutana na mwenye maamuzi kwenye ngazi, atakuwa na la kusema.

## Hatua ya 8: Rudi kwa watu kabla hujawa na shida tena

Kila baada ya wiki tatu au nne, waliokujibu wapelekee habari fupi isiyo na ombi. "Ile programu uliyonishauri nimeimaliza." "Nilikwenda kwa yule uliyenielekeza, amenipokea vizuri." Mtu akiona ushauri wake umefanyiwa kazi, anaongeza mwingine. Akiona kimya hadi siku unapohitaji tena, anachoka.

Na wewe toa. Ukikutana na tangazo la uhasibu lisilokuhusu, mtumie mhasibu aliye kwenye daftari lako.

## Tahadhari: fedha na miili

Mwajiri wa kweli hadai hela ya fomu, ya sare, ya "kushikilia nafasi" wala ya vipimo itumwe kwa namba ya mtu binafsi. Ukiambiwa utume leo kabla ya saa kumi, hiyo ni dalili tosha. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa SMS kwenda 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), kisha uizuie namba iliyokutumia.

Kazi za Oman, Dubai na kwingineko Ghuba zina matapeli wengi zaidi. Asiyekuonyesha mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na masharti ya kurudi nyumbani, usimpe pasipoti yako, hata akiwa ndugu.

Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Anayekwambia "tukutane hotelini tuongelee nafasi yako", tunza ujumbe wake, usiufute, na uwapigie TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, kwa namba 113. Simu ni bure. Mazungumzo ya Hatua ya 4 yafanyike kwa simu, ofisini au mgahawani mchana, na mtu mmoja nyumbani ajue umekwenda wapi.

Ukipata kazi, watumie ujumbe wote waliokujibu, hata ambao ushauri wao haukuzaa, uwaambie uko wapi sasa. Daftari lisitupwe: mikataba mingi ya mwanzo huja na miezi ya majaribio.